Mwanaume Anayebisha Hodi Alfajiri

Mwanaume wa ndoto aliyemo kwenye kaye, yaani daftari la hadithi, ya kijana mmoja wa kartiye yetu ya Lac Vert hapa Goma hana gari, hana nyumba Himbi kando ya ziwa, wala hafanyi kazi kwenye shirika la wazungu. Ni fundi wa simu. Ana kibanda cha mbao kando ya barabara ya Sake, vidole vyake vina makovu ya moto wa kuchomelea, na kila alfajiri, kabla hajafungua kazi, anapita kwenye mlango wa mwenzake na kubisha hodi. Haingii. Anangoja asikie sauti ndani, kisha anakwenda zake.

Mgeni anaweza kuona hapo adabu ya mchumba tu. Mtu wa huku anaelewa papo hapo. Mwenzake amepanga chumba bondeni, na bondeni kwetu kuna mazuku. Ni hewa ya kaboni inayotoka chini ya ardhi kupitia nyufa za mawe ya volkeno. Ni nzito kuliko hewa tunayovuta, kwa hiyo inatulia kwenye mashimo na sehemu za chini, hasa usiku upepo ukilala, na asubuhi kabla jua halijapasha ardhi. Haionekani kwa macho. Mbuzi anashuka kula majani, hapandi tena. Ndege anatua, haruki. Kuanzia Keshero, kupita Lac Vert na Bulengo hadi Sake, mtoto anafundishwa mapema mahali pa kutokucheza. Basi fundi huyo anapobisha, anataka kujua jambo moja: mpenzi wake ameamka?

Kijana aliniletea kaye hiyo kwa sababu anajua kwamba nami napenda wanaume, na kwamba nimekula chumvi kumzidi. Ilikuwa imefungwa ndani ya mfuko wa plastiki, kurasa zimeandikwa kwa biki ya bluu, mistari imebanana kama ya mtu anayeogopa karatasi itaisha. Hakuna jina la mtu hata mmoja ndani yake. Wapenzi hao wawili ni «yeye» na «mimi». Akaniambia, kwa neno letu la kumwita kaka mkubwa, «Yaya, soma polepole, halafu uniambie kama mtu kama huyu anaweza kuwepo.» Hakuniuliza kama ameandika vizuri. Swali hilo limenikaa moyoni tangu siku hiyo.

Nimesoma hadithi nyingi za mapenzi kati ya wanaume, karibu zote kwa Kifaransa, nyingi kwenye simu, usiku, mwanga wa kioo umepunguzwa. Najua mwanaume wa ndoto anavyotengenezwa humo. Ni mrefu. Ana pesa ambazo hazielezwi zilikotoka. Ana huzuni ya zamani inayongoja mtu mmoja tu wa kuiponya, na mtu huyo ni msomaji. Mwaka 1970 Mmarekani Gordon Merrick alitoa riwaya ya namna hiyo, *The Lord Won't Mind*, yenye vijana wawili wazuri wa sura wanaopatana na kupotezana na kupatana tena, nayo ikaingia kwenye orodha ya vitabu vinavyouzwa zaidi nchini mwake. Wahakiki wengi hawakumthamini. Mimi sioni haya kusema kwamba vitabu vya aina hiyo vimenilinda katika miaka ambayo hakuna mtu aliyejua kwamba nahitaji kulindwa.

Ili kuelewa kwa nini wanaume wasomaji walivipokea kwa njaa kiasi kile, kumbuka walichokuwa wakipewa kabla. James Baldwin, mwandishi ninayemheshimu kuliko wengi, alichapisha *Giovanni's Room* mwaka 1956. Giovanni anaishia kwenye gilotini. Annie Proulx aliandika *Brokeback Mountain* mwaka 1997, wanaume wawili wanapendana, mmoja anakufa, na mwingine anabaki na mashati yao. Filamu ilipotoka mwaka 2005, watu walianza kumtumia Proulx matoleo yao wenyewe ya hadithi, yenye mwisho wa furaha, na yeye amesema hadharani kwamba jambo hilo lilimchosha sana. Namwelewa. Hadithi ni yake na kifo kile kina kazi yake. Lakini moyo wangu uko na wale waliomwandikia. Mtu aliyekaa usiku kucha akiandika upya mwisho wa kitabu cha mwingine, bila malipo, bila mchapishaji, ana jambo analolililia.

E. M. Forster alilijua jambo hilo mapema. Aliandika *Maurice* kati ya mwaka 1913 na 1914: kijana wa tabaka la kati la Uingereza anampenda Alec, mlinzi wa wanyama wa mawindo kwenye shamba la matajiri, na wawili hao wanabaki pamoja. Forster aliwapa rafiki zake wasome, kisha akakifungia kitabu. Kilichapishwa mwaka 1971, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Yeye mwenyewe alieleza kwamba kama angewatenganisha wapenzi wake, au angemuua mmoja, ingekuwa rahisi zaidi kukitoa. Mwisho wa furaha ndio uliokuwa hatari. Alikubali kukikalisha kitabu gizani zaidi ya nusu karne kuliko kuwanyima wanaume wawili wa kubuni nafasi ya kuzeeka pamoja.

Mtu akidhani hayo ni mambo ya Uingereza ya kale, aangalie Nairobi. Wanuri Kahiu alitengeneza *Rafiki*, filamu ya wasichana wawili wanaopendana, kutokana na «Jambula Tree», hadithi fupi ya Monica Arac de Nyeko wa Uganda iliyopata Tuzo ya Caine mwaka 2007. Filamu ilikwenda Cannes mwaka 2018. Nyumbani ilikuwa imekwisha kupigwa marufuku mwezi wa Aprili, na Kahiu ameeleza kwamba wakaguzi walimtaka abadilishe mwisho kwa sababu ulikuwa na matumaini kupita kiasi. Septemba mwaka huohuo mahakama iliruhusu ionyeshwe kwa siku 7, na ukumbi ukajaa. Ukaguzi unavumilia watu kama sisi tukilia, tukijuta, tukizikwa. Tukicheka kwenye ukurasa wa mwisho, mkasi unatolewa.

Kwa hiyo nikamjibu kijana kwanza hivi: ndoto yako si upuuzi, na mwisho wake mzuri usiuombee radhi.

Sikuishia hapo, kwa sababu ndoto hizi zina upande mwingine, na mkubwa asiyemwonya mdogo wake hampendi. Kuna watu wanaojua vizuri mwanaume tunayemwota. Wanamvaa. Anaonekana kwenye simu akiwa na picha nzuri, misuli ya wastani, tabasamu la upole, Kifaransa safi. Anasikiliza. Anajibu haraka. Anasema maneno yaleyale tuliyoyasoma usiku chini ya blanketi, kwa kuwa ametusoma sisi. Baada ya majuma machache anaomba mkutane mahali fulani, na ukifika unakuta wako wengi. Wanachukua simu, wanachukua pesa, wanapiga, wanapiga na picha, kisha wanaanza kudai pesa zaidi ili familia isiambiwe. Imetokea Nairobi, imetokea Kampala, na huku kwetu pia nimewauguza watu waliorudi na nyuso zimevimba. Hawakwenda kulalamika popote. Sheria ya Kongo haitaji mapenzi ya wanaume kama kosa, ila kuna kifungu cha kuvunja maadili hadharani kinachoweza kuvutwa upande wowote, na katiba ya mwaka 2006 inazungumza juu ya ndoa na mtu wa jinsia nyingine tu. Aliyepigwa anapima hayo yote na kunyamaza.

Kuna ndoto nyingine ambayo siilaumu lakini naiogopa: mwanaume wa kukutoa. Goma imejaa watu wanaokuja kwa mkataba wa miezi sita, wenye pasipoti zinazofungua milango. Tangu waasi wa M23 waingie mjini Januari 2025, uwanja wa ndege ukafungwa, benki zikafunga, hata waliokuwa wakicheka ndoto hiyo wameanza kuiota. Nani asiyetaka kutolewa? Ila nimeona inachomfanyia kijana anayeiota. Kila mtu wa hapa anageuka kuwa wa muda. Fundi wa simu, mwalimu, msukuma chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, mwenye mgongo uliojipinda kwa miaka ya magunia, wote wanapita mbele ya macho yake na yeye anatazama barabara ya uwanja wa ndege. Hadithi inayomfanya mtu asimwone jirani yake imemdhulumu.

Hapo ndipo kaye ile iliponishika. Mwandishi wake hana elimu kubwa, alikatiza masomo shida zilipozidi nyumbani, lakini amefanya jambo ambalo vitabu vyangu vingi vya Kifaransa havikufanya. Ameota kutokana na alichokosa yeye, hakuazima ndoto ya mtu mwingine. Katika riwaya za Ulaya na Marekani, kilele mara nyingi ni wapenzi kushikana mikono barabarani mchana. Nilipokuwa kijana niliisoma sehemu hiyo nikijilazimisha kutetemeka, na sikutetemeka. Kwetu wanaume marafiki hushikana mikono kutoka Ndosho hadi Birere, na hakuna anayegeuka kuwatazama. Askari hushikana mikono. Baba watu hushikana mikono wakitoka misa. Hicho hatukunyimwa.

Tulichonyimwa ni kuhesabiwa. Nitaeleza kwa jambo nililoliona. Mtu mmoja alifiwa na mwanaume aliyeishi naye kwa miaka mingi, majirani wakiwaita «marafiki wa kazi». Kwenye matanga, ndugu wa marehemu walikaa mbele, chini ya turubai, wakipokea pole na michango. Yeye alikaa nyuma kwenye kiti cha plastiki pamoja na watu wa mtaa, akinywa fanta kama mgeni. Hakuna aliyemfukuza. Hakuna pia aliyemuuliza kama amekula. Jioni familia ikaja na ufunguo wa pili, ikachukua godoro, redio, sufuria na nguo, na kufikia kesho yake mwenye chumba alikuwa ameshampangisha mwingine. Yeye ndiye aliyejua marehemu alipenda samaki wake wadogo, sambaza, zikaushwe sana hadi zivunjike mdomoni. Yeye ndiye aliyejua upande aliolalia. Mambo hayo hayakuwa na pa kusemwa.

Nikimkumbuka mtu huyo, namwelewa fundi wa simu. Kijana hakuota misuli. Ameota mtu ambaye, ukikosa kuitika asubuhi moja, atajua kabla ya wengine wote, na atakuwa na haki ya kuvunja mlango. Katika ukurasa mmoja fundi anamchukua mwenzake kwa mama yake mzazi. Mama anawatazama, hasemi kitu, anaongeza ugali kwenye sahani na kusukuma mboga ya sombe upande wa mgeni. Kisha anamwambia mwanawe, «Mwambie ahame kule bondeni.» Ni hayo tu. Niliposoma hapo ilibidi niweke kaye chini, nitoke nje, nikasimame kwenye mawe meusi kwa muda.

Sijawahi kumwona mama wa namna hiyo kwa macho yangu. Binyavanga Wainaina, mwandishi wa Kenya aliyependa wanaume, naye hakumwona. Mama yake alifariki mwaka 2000 bila kuambiwa. Januari 2014 akaandika ile aliyoiita sura iliyopotea ya kitabu cha maisha yake, akijiweka kando ya kitanda cha mama yake hospitalini na kumwambia ukweli kabla hajafa, jambo ambalo halikutokea. Mwaka ule sheria zilikuwa zikikazwa Uganda na Nigeria, na yeye, badala ya kujibu wanasiasa, alibuni mazungumzo na marehemu. Wengi walisoma tu kwamba amejitangaza. Kwangu mimi, kilichobaki ni kule kubuni. Alihitaji mama mmoja amsikilize, na kwa kuwa maisha hayakumpa nafasi hiyo, akaiandika. Alifariki Mei 2019, na mimi bado naona ukurasa ule kama ruhusa aliyotuachia.

Rafiki yangu mmoja, mtu makini anayetetea haki, aliposikia habari ya kaye hii alikunja uso. Akasema huu si wakati wa kuandika mapenzi matamu. Tarehe 3 Mei 2024 mabomu yaliangukia kambi za wakimbizi hapa Lac Vert na Mugunga, watu wakauawa ndani ya mahema, wengi wao watoto na wanawake. Baada ya mwaka mpya kambi zikavunjwa, watu wakaambiwa warudi walikotoka. Anayeshika kalamu, alisema, aandike hayo. Nilimpelekea kijana hoja hiyo kwa uaminifu, kwa kuwa si hoja ndogo. Alinyamaza kidogo, akasema, «Yaya, bomu mimi naliota kila siku bila kutaka. Kaye moja isiyo na bomu ni kosa?»

Nasema si kosa. Habari za mabomu zina waandishi wake, na waandike zaidi. Lakini mtu aliyezaliwa Goma ana haki ya kutoandikwa tu kama mwili uliookotwa. Anapoandika mwanaume anayepiga mswaki kwa maji ya kwenye bidoni, anayekasirika kwa sababu mteja hakulipa, anayependwa, anaongeza kwenye rekodi ya mji huu kitu ambacho ripoti za mashirika hazina nafasi ya kukiweka. Na wanaume wawili wanaopendana wamo ndani ya mji huu siku zote, kwenye foleni ya maji, kwenye kwaya, kwenye mahema yaleyale. Bukavu, ng'ambo ya ziwa, kuna chama kinachoitwa Rainbow Sunrise Mapambazuko kinachowasemea watu hao kwa miaka sasa. Kinafanya kazi ya sheria na afya, kazi ngumu. Hadithi ya mapenzi haiwezi kuifanya kazi hiyo. Inamfanya mtu aamini kwamba anastahili ifanywe kwa ajili yake.

Tulibishana juu ya jambo moja tu la uandishi, na bado hatujapatana. Fundi wa simu hana kasoro. Nilimshauri ampe walau moja: akorome, awe na wivu, asahau deni. Nilimweleza kwamba mtu akizoea mwanaume asiye na doa kwenye karatasi, atamkimbia yule wa kweli siku ya kwanza atakaponuna. Nimewaona waliokimbia hivyo, na wengine walikimbia watu wema. Akanisikiliza kwa heshima, akanijibu, «Yaya, wenye makosa nitawapata bure. Huyu ndiye niliyemfanyia kazi.» Nilicheka kwa furaha, na sikubadilisha mawazo. Naye hakubadilisha.

Sasa amefika sura ya mwezi wa Mei 2021. Volkeno ya Nyiragongo ililipuka jioni ya tarehe 22, na tarehe 27 alfajiri amri ikatoka watu wa sehemu kubwa ya mji wahame. Maelfu kwa maelfu walipita hapa kwetu kwa miguu kuelekea Sake, godoro kichwani, mtoto mgongoni, kuku chini ya kwapa, ardhi ikitetemeka chini yao. Anataka wapenzi wake wawe ndani ya msafara huo, na anataka walale Sake chini ya dari moja na mama yule, familia moja katika familia nyingi, bila mtu kuuliza nani ni nani. Yeye mwaka ule alivukia Gisenyi, Rwanda, na ndugu zake, hakuiona Sake. Mimi niliiona. Ameniandikia maswali kwenye ukurasa wa nyuma wa kaye: watu walilala wapi, kanisani au shuleni? Maji walipata kwa nani? Usiku kulikuwa na baridi kiasi gani? Wanaume walilala upande wao, au kila familia ilijikusanya mahali pake? Nimeanza kumjibu moja baada ya jingine, na kwa hilo la mwisho nimemwandikia kwamba palipokuwa na turubai moja kila mtu alilala karibu na aliyekuja naye.